Mafahali Wawili Zizi Moja: Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Kuunda Seva Kongwe

Utangulizi

Si mara nyingi mhakiki wa istilahi hupata nafasi ya kuyajaribu maneno kwa bisibisi. Aghalabu sisi hukaa mezani, orodha upande huu na kamusi upande ule, tukaulizana kama neno fulani linapendeza au halipendezi. Makala haya yametokana na nafasi ya namna nyingine. Ofisi moja ilikuwa na kumbukumbu za michango ya wafanyakazi wake waliokwisha staafu, na kumbukumbu hizo zilikuwa katika diski zilizoandikwa chini ya mfumo wa Windows NT 4.0. Mfumo huo ulitolewa mwaka 1996, na mtengenezaji wake aliacha kuutolea masahihisho mwishoni mwa mwaka 2004. Mashine yenyewe ilikufa; diski zilikuwa hai. Ikaamuliwa iundwe mashine nyingine ya aina ile ile kwa vipuri vilivyokwisha tumika, na mafundi vijana wawili wakapewa kazi hiyo pamoja na mwongozo uliofasiriwa kwa Kiswahili. Mimi niliitwa niwe msomaji tu. "Mwalimu," aliniambia mmoja wao, "sisi tutashika bisibisi, wewe shika karatasi."

Kazi iliyokadiriwa kuchukua siku mbili ilichukua siku nane. Siku sita zilizozidi hazikupotea kwa ubovu wa vipuri wala kwa uvivu wa mafundi. Zilipotea juu ya maneno matatu. Wakati huo wote, kwenye benchi la nje, walikuwapo wazee waliokuja kuuliza habari za mafao yao, na kila siku waliambiwa warudi kesho. Hii ndiyo sababu iliyonifanya nione kwamba mwongozo ule unastahili kuhakikiwa hadharani. Mfasiri wake simtaji, wala sikusudii kumdhalilisha. Sentensi zake ni Kiswahili safi, na mahali pengi amechagua vema. Kosa lake ni lile tunalolifanya wengi: kulipima neno kwa sikio kabla ya kulipima kwa kazi.

Yafaa kwanza nimweleze msomaji mashine yenyewe ilivyo. Ubao mama wake ni wa mwaka 1998, wenye seti ya chipu ya Intel 440BX. Ubao huo una nafasi mbili ndefu za kuchomekea vichakataji. Vichakataji ni viwili vya aina ya Pentium II, kila kimoja cha megahezi 450, na kila kimoja kimefungwa ndani ya kasha la plastiki pamoja na kumbukumbu yake ya karibu ya kilobaiti 512. Vikichomekwa husimama wima, mfano wa vitabu viwili rafuni. Diski zimeungwa kwa waya mpana wa SCSI, neno ambalo mafundi husoma "skazi", na kisomea-sidii kimeungwa kwa waya wa kawaida.

Viini viwili au vichakataji viwili?

Mwongozo unafungua kwa kusema kwamba utamfundisha msomaji kuunda "kompyuta ya viini viwili". Karani wa ugavi aliyachukua maneno hayo kama yalivyo, akayaandika katika hati ya kuagizia. Muuzaji akaleta mashine mpya, nzuri, yenye kichakataji kimoja tu ambacho ndani yake mna viini viwili. Muuzaji hakukosea hata kidogo, alileta alichoombwa. Lakini mfumo wa mwaka 1996 haukuwa na programu ya kukitambua kidhibiti cha diski cha mashine hiyo, na hata usimikaji haukufika mbali. Kurudisha mashine, kuandika hati upya na kutafuta vipuri sahihi kulichukua siku tatu.

Hapana budi tuseme wazi tofauti iliyopo. Kichakataji ni kitu kizima, kinachoshikika kwa mkono, chenye nafasi yake ubaoni. Kiini ni ile sehemu iliyomo ndani ya kichakataji ambayo ndiyo hasa itendayo hesabu. Mwaka 1998 kila kichakataji cha Pentium II kilikuwa na kiini kimoja, kwa hiyo aliyetaka watendaji wawili hakuwa na njia nyingine ila kununua vichakataji viwili. Kuweka viini viwili katika chipu moja kulikuja baadaye: kampuni ya IBM ilifanya hivyo mwaka 2001 kwa mashine zake kubwa, na kompyuta za mezani zilifuata mwaka 2005. Kuiita mashine ya mwaka 1998 "ya viini viwili" ni sawa na kumwambia mtu akanunue yai lenye viini viwili ilhali wewe unataka mayai mawili. Yote mawili ni halali, yote mawili yanaliwa, lakini hayafanani, na anayepika keki atajua tofauti.

Mfano huu wa yai si mzaha. Ndio unaonionyesha kwamba neno kiini ni istilahi nzuri sana likiwekwa mahali pake. Kila Mswahili aliyewahi kuvunja yai anajua kwamba ganda moja linaweza kuwa na viini viwili. Basi "kichakataji cha viini viwili" kinajieleza chenyewe, na mwalimu hahitaji ubao wala chaki.

Taabu ni kwamba mwongozo umelipa neno hilo hilo kazi ya pili. Ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa zamu za kazi na kusimamia kumbukumbu, nayo imeitwa "kiini". Matokeo yake ni sentensi kama hii, ninayoinukuu bila kubadili nukta: "Hakikisha kiini kinaona viini viwili." Na nyingine: "Ongeza kiini baada ya kiini kusimikwa." Fundi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kiini kipi kinamwongeza mwenzake?" Sikuwa na jibu.

Swali lake halikuwa la kisarufi tu. Mfumo wa NT 4.0, wakati wa kusimikwa, huangalia umekuta vichakataji vingapi, kisha huchagua: wa kichakataji kimoja au wa vichakataji vingi. Ukishachagua, haubadiliki wenyewe. Mafundi, kwa kuifuata sentensi ile ya pili, walisimika mfumo kichakataji kimoja kikiwa mahali pake, wakakiongeza cha pili baadaye. Mashine ikawaka, ikafanya kazi, na hakuna aliyeshuku neno. Kutwa nzima kichakataji cha pili kilikaa kimya kama mgeni asiyekaribishwa. Tuligundua jioni tulipofungua dirisha linaloonyesha mwenendo wa kazi tukakuta mchoro mmoja mahali palipotakiwa kuwa na michoro miwili. Ikabidi kuanza upya. Siku moja ikapotea.

Ninapendekeza sehemu hiyo ya mfumo iitwe kokwa. Lugha iliyozaa dhana hii iliichukua kutoka kwenye matunda: kokwa ndani, ganda nje. Sisi tunayo matunda ya kutosha. Kokwa la embe halionekani na mlaji, lakini ndilo linaloota na kuuzaa mti mzima, na hayo ndiyo mahusiano yaliyopo baina ya sehemu hiyo na mfumo wote. Hali kadhalika ile sehemu ya nje inayopokea amri za mtumiaji itaitwa ganda bila kumshangaza mtu. Wapo watakaosema kwamba kokwa hutupwa. Nitawajibu kwamba hulitupa aliyeshiba, mkulima hulipanda. Sentensi ya mwongozo sasa ingesomeka hivi: "Hakikisha kokwa linaona vichakataji viwili." Haina utata, na ingetuokolea siku moja.

Sambamba au linganifu?

Mwongozo unauita utaratibu wa vichakataji viwili kushirikiana "uchakataji sambamba". Neno sambamba ni zuri na limekwisha kaa katika hisabati na katika mazungumzo. Lakini linasema jambo moja tu: kwamba wawili wanakwenda pamoja kwa wakati mmoja. Halisemi lolote juu ya cheo. Wabeba machela huenda sambamba, na vivyo hivyo tajiri na mpagazi wake wakifuatana ubavu kwa ubavu.

Jambo hasa linaloupa mfumo huu sifa yake ni usawa. Katika mifumo mingine ya zamani, kichakataji kimoja kilikuwa mkuu: chenyewe peke yake kiliendesha mfumo, na kingine kilipewa kazi za pembeni. Katika NT vichakataji vyote vina haki moja. Kokwa laweza kuendeshwa na chochote kati yake, kumbukumbu ni moja kwa wote, na kazi iliyoanzia hapa yaweza kumalizikia kule. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, tena wakasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ufundi wa mfumo huu ni kwamba umeweka sheria za zizi: palipo na kitu kisichoweza kuguswa na wawili kwa pamoja, mmoja hufunga mlango, mwenzake husubiri. Basi istilahi inayofaa ni uchakataji linganifu. Sambamba tuliachie dhana pana ya kazi nyingi kutendwa kwa wakati mmoja, iwe kwa usawa au bila usawa. Anayefundisha darasani ataona mara moja faida ya kuwa na maneno mawili: ataweza kusema kwamba kila uchakataji linganifu ni sambamba, lakini si kila uchakataji sambamba ni linganifu.

Kimalizio kisichomalizia

Neno la tatu lililotugharimu ni "kimalizio". Waya wa SCSI hubeba ishara kwa vifaa vingi vilivyopangwa mstari mmoja. Ishara ikifika mwishoni mwa waya ikakuta pako wazi, hurudi nyuma kama sauti inavyorudi kutoka ukutani, ikagongana na ishara zinazofuata. Ili kuzuia hilo, kila mwisho wa mstari, miisho yote miwili na si mmoja, huwekwa kipande chenye vizuizi vya umeme vinavyoimeza ishara. Kipande hicho ndicho mwongozo ulichokiita kimalizio.

Sasa msomaji ajiulize: fundi wa Kiswahili anasikia nini anaposikia kimalizio? Anasikia lipu, rangi, na mbao za dari: yale mambo yafanywayo mwisho, nyumba ikiwa imekwisha simama, na ambayo fedha ikipungua huahirishwa. Vijana wetu waliahirisha. Diski ikawa leo inaonekana, kesho haionekani. Ikiandika faili kubwa hukwama katikati. Walibadili waya, wakabadili diski, nusura wabadili na ubao. Siku mbili zilipita kabla ya mmoja wao kuinua kile kipande mezani na kuuliza, "Hiki si ndicho kile pambo la mwisho?"

Kosa la istilahi hii ni kwamba imefasiri mahali kitu kinapokaa, si kazi kinayofanya. Ninapendekeza kizimamwangwi. Ni neno refu kidogo, lakini ni la Kiswahili kwa viungo vyake vyote, na linamwambia fundi nini kitatokea akikisahau: patakuwa na mwangwi. Tena litafaa mahali pengine. Katika mbao nyingi za vichakataji viwili za wakati ule, ukiwa na kichakataji kimoja tu, ile nafasi iliyobaki tupu hutakiwa kuchomekewa kadi maalumu kwa sababu hiyo hiyo. Mwongozo umeiita "kadi ya kujazia", kana kwamba ni kipande cha kuzuia vumbi. Tukisema kadi ya kuzima mwangwi, dhana mbili zenye asili moja zitakuwa na jina lenye asili moja.

Bwana na mtumwa

Kuna istilahi nyingine ambayo haikutupotezea hata saa moja, na hata hivyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Vifaa viwili vikiungwa kwa waya mmoja wa kawaida wa diski, hutofautishwa kwa kijiti kidogo cha kuunganisha pini. Mafundi wa Kiingereza kwa muda mrefu waliviita kwa maneno yenye maana ya bwana na mtumwa, na mfasiri wetu ameyafuata hatua kwa hatua: "Mfanye mtumwa aunganishwe katikati ya waya."

Lugha hii ni lugha ya pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe kisiwani haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Neno mtumwa kwetu si sitiari iliyokwisha poa. Katika madarasa yetu wamo watoto wa watu ambao babu na bibi zao waliitwa hivyo. Siamini kwamba mwalimu yeyote atapenda kusimama mbele yao na kuuliza, "Mtumwa wako umemweka wapi?"

Lakini nisieleweke kwamba naleta hoja ya huruma peke yake. Istilahi hii ni potofu hata kwa kipimo cha ufundi. Kifaa kinachoitwa bwana hakimtawali mwenzake. Vyote viwili hupokea amri kutoka kwa kidhibiti kimoja. Nyaraka za viwango za waya huo zenyewe huviita kwa namba, kifaa 0 na kifaa 1. Wenye lugha ile nao walianza kulitilia shaka jambo hili: mwaka 2003 wilaya ya Los Angeles huko Marekani iliwaomba wauzaji wake waepuke maneno hayo. Haielekei sisi, tuliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kuyakataa, tuwe ndio wa mwisho kuyaokota. Kifaa 0 na kifaa 1 yatosha.

Mtumishi, kumbukumbu na ukongwe

Mengine nitayapita upesi. Mashine yenyewe imeitwa "mtumishi", na kwa kuwa mtumishi ni kiumbe hai, sarufi imemlazimisha mfasiri kuandika: "Mzime mtumishi kabla ya kumfungua." Barua ya ndani yenye maneno hayo ilibandikwa ukutani pale ofisini, na watumishi wa umma walioisoma walicheka mpaka machozi. Neno seva limekwisha ingia vinywani, tulipokee.

Kumbukumbu ni neno lililokwisha enea na sitaki kuling'oa. Lakini mfasiri anayeandikia maofisi akumbuke kwamba kila barua ya serikali ina "Kumb. Na." juu yake. Mwongozo uliposema "kumbukumbu zote hupotea umeme ukizimwa", mtunza masijala alikuja mbio. Kwa hiyo tuseme kumbukumbu ya muda kwa ile inayofutika, na hifadhi kwa ile ya diski isiyofutika.

Mwisho ni namna ya kuuita mfumo kama huu wa NT, ulioachwa na mtengenezaji wake lakini bado unabeba kazi ya watu. Mwongozo umeandika "mfumo wa urithi", na msomaji akadhani habari ni za mirathi. Wengine husema mfumo wa kale, kuukuu, au chakavu. Kiswahili kina daraja zake katika jambo hili. Cha kale ni cha enzi iliyopita, kiwe kinatumika au kimewekwa makumbusho. Kikuukuu kimechoka kwa kutumiwa, kama nguo. Kichakavu kimeharibika. Lakini kikongwe kimeishi miaka mingi na bado kipo, kinahitaji uangalizi na heshima. Hiyo ndiyo dhana. Tuseme mfumo mkongwe na seva kongwe. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ofisi hii ilikuwa imeuacha mbachao wake bila kujua kwamba kumbukumbu zake zote zimelala juu yake.

Hitimisho

Watakuwapo watakaouliza: kwa nini kuhangaika na istilahi za mashine iliyokwisha pitwa na wakati? Nina majibu mawili. La kwanza, maneno hayajapitwa. Seva nyingi zinazotengenezwa leo zina vichakataji viwili, na kila kimoja kina viini vingi. Kwa hiyo utata wa kiini na kichakataji umezidi, haukupungua. Kokwa na uchakataji linganifu bado vipo katika kila mfumo. La pili, mashine kongwe ni shule njema. Ndani yake dhana zinaonekana kwa macho: vichakataji viwili vimesimama, unaweza kuvihesabu, unaweza kukichomoa kimoja ukaona kitakachotokea. Mwalimu wa istilahi hapati nafasi hiyo kila siku.

Tusisahau vilevile historia yetu wenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilipolegezwa mashine ziliingia na maneno yake kabla Baraza halijapata nafasi ya kuketi. Tangu hapo tumekuwa tukifuata nyuma. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyoanza kutolewa miaka ya 1970 vilionyesha njia, lakini orodha isiyopita mikononi mwa fundi kabla ya kuchapwa itaendelea kutuletea vimalizio visivyomalizia. Ninapendekeza kwamba kila orodha ya istilahi za ufundi ijaribiwe kwanza na watu wawili: mmoja asome, mwingine atende, bila kuulizana. Pale mtendaji atakapokosea, neno lirudishwe mezani.

Istilahi ninazozitolea hoja ni hizi:

Kichakataji: kifaa kizima kinachochomekwa ubaoni na kutenda hesabu na amri.
Kiini: mtendaji mmoja ndani ya kichakataji, kichakataji chaweza kuwa na kimoja au vingi.
Kokwa: sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayogawa zamu na kusimamia vifaa.
Ganda: sehemu ya nje ya mfumo endeshi inayopokea amri za mtumiaji.
Uchakataji linganifu: utaratibu wa vichakataji vyenye haki sawa na kumbukumbu moja.
Kizimamwangwi: kipande cha mwisho wa mstari kinachomeza ishara isirudi.
Kifaa 0, kifaa 1: vifaa viwili vya waya mmoja wa diski.
Mfumo mkongwe: mfumo ulioachwa na mtengenezaji wake lakini ungali unatumika.

Siku ya nane, alasiri, kioo kilibadilika rangi kuwa buluu, na mashine ikaandika kwamba imekuta vichakataji viwili. Diski zilisomeka zote, na zikanakiliwa usiku ule ule. Asubuhi yake wazee wa benchi waliitwa mmoja mmoja kwa majina yao. Wasomaji wenye hoja tofauti juu ya istilahi hizi, hasa mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi, wanaombwa kuzileta ili zijadiliwe katika kurasa hizi.